Neno la Kwanza la Kila Sentensi

Skola mwanangu,

Vitu vya kubeba mama yako ameshakuandikia, tena pande mbili za karatasi, kwa hiyo mie hapo sina la kuongeza. Chandarua, vitenge, namba ya shangazi yako wa Tanga, yote yamo. Nimekaa dukani hapa Tandika, mlango nimeuegesha nusu ili watu wajue leo sipokei kazi. Wewe umekwenda kusuka. Nywele ulizochagua husukwa kwa saa tano nzima, nimeshawahi kukusubiri, kwa hiyo nina muda wa kutosha kusema jambo nililoshindwa kulisema jana mezani. Jana nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza nikauliza kama tiketi umekata. Mara ya pili nikaomba chumvi. Ya tatu mama yako akanitazama akasema, "Baba Skola, au meno yanakuuma?" Nikasema ndiyo.

Meno hayaniumi. Kinachonisumbua ni zile karatasi nne ulizonipa jana mchana, taarifa ya ajali ambayo bosi wako mpya amekutumia kwenye simu hata kabla hujaripoti kazini. Ukazichapisha hapahapa dukani, ukaniletea pamoja na kalamu. "Baba, hebu niangalizie mtiririko," ukasema. "Kuna kibarua alifariki pale kwenye yadi yao ya makontena Tanga. Bosi kasema ninyooshe Kiswahili tu, nisaini, faili lifungwe wiki hii." Nikaziangalia. Nataka nikueleze nilichokiona, lakini nikianzia hapo utadhani ni woga wa mzazi tu. Ngoja nianzie mbali kidogo.

Unajua kwamba zamani nilifanya kazi Kurasini. Unajua pia kwamba niliacha. Hilo la pili si kweli. Nilifukuzwa, na kilichonifukuzisha ni maandishi yangu mwenyewe.

Nilikuwa karani wa geti kwenye yadi ya makontena, wewe ukiwa bado unatambaa. Asubuhi moja ya mvua lori likatoka na kontena ambalo lakiri yake, kile kifungo cha chuma kinachoonyesha kuwa mlango haujaguswa, ilikuwa imekatwa. Matairi yaliyokuwamo hayakufika yalikokuwa yanakwenda. Kila aliyekuwa zamu akaambiwa aandike maelezo. Mie, mtoto wa Songea niliyefika Dar na cheti cha darasa la saba nikajisomesha jioni mpaka kidato cha nne, nilifurahi kupewa kalamu. Nilijua nina ukweli. Niliamini ukweli ukishaandikwa basi kazi imekwisha.

Nikaandika sentensi kumi na saba. Nilifika saa kumi na mbili. Nilifungua geti. Nilipokea karatasi. Nilizisoma. Nilisaini. Niliruhusu lori. Hivyohivyo mpaka chini. Na lile jambo la maana kuliko yote, kwamba msimamizi wetu, Bwana Kalinga, alinipigia simu akaniamuru nilitoe lori bila kukagua, unajua niliandikaje? "Nilipigiwa simu na msimamizi." Ilikuwa sentensi ya tisa, katikati kabisa, imefanana na zilizoizunguka kama bati na bati.

Mpelelezi aliyekuja alikuwa mtu mpole, ana miwani ameifunga uzi. "Bwana," akaniambia, "mwandiko wako safi sana. Lakini hebu jisikilize." Akaanza kusoma mwanzo wa kila sentensi, mwanzo tu, kidole kikishuka. "Nili, nili, nili, nili. Kila mahali ni wewe. Hata simu, umepigiwa wewe." Watu wawili waliosimama mlangoni wakacheka. Mie pia nikacheka, Skola, kwa sababu kweli ilichekesha.

Kisha akaweka pembeni yake maelezo ya Kalinga. Yalikuwa sentensi kumi na moja. Ya kwanza ilianza na "Kutokana na mvua". Ya pili, "Majira ya saa kumi na mbili". Ya tatu, "Geti kuu". Hakuna mahali ambapo Kalinga alifanya kitu chochote. Mambo yalikuwa yanatokea tu yenyewe, na kwenye sentensi ya nane nikatokea mie: "Karani wa zamu". Yalitiririka yale maelezo. Ulikuwa unafika mwisho bila kujikwaa, na ukifika mwisho unanikuta nimesimama pale peke yangu. Zangu mie, kumi na sita zilianza na Nili, ya kumi na saba ikaanza na Naomba.

Kalinga alipandishwa cheo. Mie niliambiwa nikabidhi funguo kabla ya saa sita. Miaka ishirini na moja imepita na bado inaniuma. Sitakudanganya kwamba nimesamehe.

Kutoka hapo nikawa kama mtu mwenye ugonjwa. Nilinunua taipureta kuukuu nikaanza kuchapia watu barua. Baadaye ikaja kompyuta, ikaja mashine ya fotokopi, na kila karatasi iliyopita mikononi mwangu nilisoma maneno ya kwanza tu. Hati za viwanja, risala za harusi, barua za mahakamani, zote. Ndipo nikaona kwamba Kiswahili chetu kina mtego wake. Mtendaji tunamfungia ndani ya kitenzi, hana hata kiti chake mwenyewe, kwa hiyo mtu akisimulia mambo yake bila kuwa macho, kila sentensi inaanza na herufi zilezile. Na dawa zake ziko nyingi. Unaweza kuanza na wakati. Mahali nako panafaa. Sababu ukiitanguliza, msomaji anafika kwenye tendo akiwa ameshalielewa. Kile kilichofanyiwa kazi unaweza kukileta mbele, au ukampa mtu mwingine mwanzo wa sentensi wewe ukakaa nyuma. Hakuna shule iliyonifundisha hayo. Nilikaa nikahesabu.

Ndiyo maana uliporudi na ile insha ya kidato cha pili nilikasirika kuliko ilivyostahili. Safari yetu ya Kunduchi kununua samaki. Mwalimu alikupa kumi na moja kwa ishirini akaandika kwa wino mwekundu, "Haitiririki." Ulikuwa umelia njia nzima. Nikaisoma. Tuliamka. Tulioga. Tulipanda gari. Tulifika. Tuliona samaki. Tulinunua. Tulirudi. Mama yako akachungulia begani mwangu akasema, "Mbona kama maelezo ya polisi?" Yeye alikuwa anatania. Mie nikainuka kutafuta kalamu.

Siku ile nikakufundisha safu. Chora mstari pembeni ya karatasi, andika neno la kwanza la kila sentensi, moja chini ya jingine, halafu soma safu hiyo peke yake kwa sauti. Ikigonga sehemu moja tu, rudi ukaandike upya. Ukarudi. "Harufu ya samaki ilitupokea kabla hatujaiona bahari." Ulikuwa na miaka kumi na tano. "Kwa mama, bei ya kwanza huwa ni matusi." Nilicheka mpaka mteja akanigongea meza. Baadaye ukapata ule ugonjwa wa aidha. Kurasa mbili, aidha saba, vilevile nne. Nikakwambia, "Hizo ni kofia tu, Skola. Watu ni walewale, umewavalisha kofia." Ukanuna siku mbili. Ya tatu ukaniletea insha ambayo sikupata pa kuigusa, ukasimama hapo mlangoni umeshika kiuno. "Haya, Baba, hesabu."

Nilijivuna. Nilijivuna vibaya sana. Barua za kuomba kazi tulizochapa hapa kwa miaka miwili ni arobaini na moja, nakala zake ninazo. Hii moja ya Tanga imezaa kwa sababu kwenye usaili walikupa tukio la kubuni, ukaliandikia taarifa papo hapo, na yule bosi akasema mbele ya wenzake, "Huyu binti anajua kuandika." Uliponisimulia niliona kama ni mie niliyeajiriwa. Tangu jana najiuliza alichokifurahia ni kitu gani hasa.

Kuna jambo jingine ambalo hata mama yako hajawahi kulisikia kwangu.

Ulikuwa darasa la tano. Alikuja hapa mtu mmoja mwenye karakana Mikocheni, anataka nimwandikie taarifa. Kibarua wake alikuwa amebanwa na mashine akafa. Alikaa kwenye kiti hiki cha wateja akanisimulia yote bila kuficha, maana wenye duka la kuchapa tunaonekana kama mashine tu. Fundi alishamwambia ile mashine izimwe. Yeye akasema imalizie kwanza oda. "Sasa wewe iandike vizuri," akaniambia. Na mie nikaiandika vizuri. Sentensi ishirini na tatu, hakuna mbili zilizofuatana zenye mwanzo mmoja. "Katika harakati za uzalishaji." "Baada ya hitilafu kujitokeza." "Kwa masikitiko." Ukitafuta uongo mle huupati hata mmoja, na hilo ndilo nililojiambia nilipokuwa nabana karatasi. Nitakwambia na kibaya zaidi: nilikuwa na raha. Nilikuwa naona nimemfikia Kalinga.

Baada ya miezi miwili akaingia mama mmoja, umri wangu hivi, ana bahasha kifuani. "Kaka, naomba unisomee hii," akasema. "Kusoma najua. Ila hii nikiisoma siielewi."

Nikaitoa. Ilikuwa kazi yangu, ina mihuri juu.

Nikamsomea yote. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Alikuwa anasikiliza kichwa amekiinamisha, kama mtu anayetafuta hatua za mwenzake nje.

"Sasa mume wangu yuko wapi humu?"

"Yupo, mama. Hapa, 'mtumishi husika'."

"Na aliyesema mashine iendelee?"

Nikashusha kidole kwenye karatasi, nikijua ninapokwenda hakuna mtu. "Hajaandikwa," nikamwambia.

"Basi iliendelea yenyewe," akasema, wala hakuwa ananiuliza. Akaikunja ile karatasi mara nne. Akauliza anipe nini kwa kunisumbua. Nikasema hakuna kitu, na yeye, kwa wema wake, akaniombea mikono yangu ibarikiwe. Sikumwambia. Alitoka hapo mlangoni bila kujua aliyekuwa anaongea naye. Hajarudi tena, na kila mwanamke mwenye bahasha anayesimama kwenye ngazi bado namtazama usoni kwanza.

Kalinga mie alinitoa kazini. Mie yule marehemu nilimtoa kwenye kifo chake mwenyewe. Nimejaribu kuyapima hayo mawili mara nyingi, na mizani haijawahi kulalia upande wangu.

Sasa turudi kwenye karatasi zako nne. Jana uliponipa kalamu mkono ulitangulia akili. Sentensi tatu za ukurasa wa kwanza nilishazinyoosha kabla sijashtuka. Yale niliyoandika juu yake usiyatumie, tafadhali, yafute. Kilichonishtua ni kwamba zilikuwa zinanyooka kirahisi mno, kama nguo iliyokwisha kupigwa pasi. Nikachora mstari pembeni, nikatoa safu.

Sentensi ni thelathini na nane. Kutokana na. Wakati wa. Kufuatia. Katika eneo la. Kwa mujibu wa. Aliyeziandika ni fundi, mie nakwambia, anajua kazi kuliko mimi. Msimamizi wa zamu hayupo. Mwendesha winchi hayupo. Aliyetoa amri kontena lishushwe watu wakiwa chini hayupo pia. Lakini kati ya hizo thelathini na nane, sita zinaanza na mtu, na zote sita mtu ni yuleyule. Marehemu hakuvaa kofia. Marehemu aliingia eneo lisiloruhusiwa. Marehemu hakuzingatia onyo. Katika kurasa nne nzima, mtu pekee anayefanya jambo lolote ni yule ambaye hawezi kuitwa aandike maelezo yake.

Nikageuza mpaka ukurasa wa mwisho. Wewe hukuona, najua, kwa sababu ulikuwa unasikiliza mtiririko kama nilivyokuzoesha, na mtiririko mzuri unakuvusha mahali palipotakiwa usimame. Pale chini pameandikwa, "Imeandaliwa na karani aliyeshuhudia tukio." Chini yake ni jina lako, majina yote matatu, limekwisha kuchapwa. Kilichobaki ni saini tu. Kisha angalia tarehe ya ajali. Ni Jumapili ile ya ubatizo wa mtoto wa dada yako. Siku hiyo ulikuwa Yombo umebeba keki, unamzomea mjomba wako asiidokoe, na picha zako ziko kwenye simu za ukoo mzima.

Nilikuuliza jana, wakati unakunja nguo, aliyekuwa kwenye nafasi hiyo kabla yako kaenda wapi. Ukasema, "Hata sijui, Baba. Wanasema aliacha tu ghafla." Ukaendelea kukunja. Hapa nyumbani kwetu pia tunasema Baba aliacha.

Sikwambii usiende. Neno hilo nimeliandika mara mbili kwenye barua hii na mara mbili nimechana karatasi nikaanza upya. Barua arobaini za kukataliwa ni nyingi kwa binti wa miaka ishirini na mbili, na ukibaki hapa kwa sababu ya hofu yangu utanichukia, tena kwa haki. Inawezekana pia ni uzembe. Mtu kanakili fomu ya zamani, kaweka jina la karani mpya, hakufikiri. Tangu jana najaribu kuamini hivyo. Ila jina la zamani halikuachwa, Skola. Mtu alilifuta, akaliandika lako, akahakikisha tahajia. Hata ile herufi ya tatu ya jina la babu ambayo kila mtu anaikosea, wao wameipata.

Nakala mbili nimeshatoa. Moja iko kwenye droo ya chini, chini ya risala za harusi ambapo hakuna mtu anayetafuta kitu. Nyingine nitaiacha kwa paroko kesho ukishaondoka. Hizo ulizobeba zibebe tu. Ukifika, usiseme kwamba baba yako amezisoma. Uliza kama unayeuliza kwa ugeni wako: nani alikuwepo? Ukitajiwa mtu, nenda kwake umsikilize, na maneno yake yaandike yakiwa bado yana makosa. Familia ya marehemu nayo iko mahali fulani, na siku moja kuna mtu atakuja mbele ya meza ya mtu mwingine na bahasha kifuani.

Miaka yote hii nimekufundisha mianzo. Sasa naona kuna mmoja niliupita, na niliupita kwa sababu mie mwenyewe sikuwahi kuutumia. Ujana wangu niliumalizia kwenye Nili, nikabeba vya wenzangu vyote. Nilipojanjaruka nikahamia kwenye Kutokana na, nikajificha humo na kuwafichia wenye hela. Huo wa katikati sikuwahi kupewa na mtu yeyote, kwa hiyo nakupa wewe.

Watakapokuwekea zile karatasi mezani, na watakuwekea mapema, labda hata chai hujamaliza, chukua kalamu yako mwenyewe. Juu kabisa, kabla ya sentensi yao ya kwanza, andika: Sikuwepo.

Haipendezi. Haitiririki na inayofuata, mwalimu wako angeizungushia wino mwekundu. Ni neno moja na ni sentensi nzima. Weka nukta, andika na tarehe ya siku hiyo, saini hapohapo pembeni. Kisha kaa kwenye kiti chako, usiseme kitu, utazame ni nani atakayekuomba uifute.

Baba yako